Profesa Mbuni na Kanuni ya Kuruka

Katika nyika moja yenye wasomi wengi kuliko visima, Mbuni ndiye aliyekuwa profesa wa kuruka. Hakuwahi kuinuka ardhini hata shibiri moja, lakini alikuwa ameandika juzuu saba juu ya bawa, na hakuna ndege aliyeruhusiwa kufundisha kuruka bila cheti chake.

Mbayuwayu alimwendea kwa unyenyekevu. "Shikamoo, Profesa. Wanangu wameota mabawa. Naomba idhini niwafundishe."

"Marahaba. Nieleze kwanza kwa nini huanguki."

Mbayuwayu alifikiri. "Kusema kweli sijui. Napiga mabawa, naenda."

"Basi kuruka hujui," alisema Mbuni, akamwandikia sifuri kubwa kama yai lake mwenyewe.

Alikuwa bado anaikoleza sifuri hiyo kwa wino, moto wa nyika ulipowafikia. Mbayuwayu hakungoja cheti. Aliwaita wanawe, wakapiga mabawa, wakaenda. Mbuni naye alitimua mbio huku manyoya ya mkia yakinuka kuungua.

"Profesa!" Mbayuwayu aliita kutoka juu. "Hizo mbio zinafuata kanuni gani?"

"Nitaelezaje na huku nakimbia?" Mbuni alifoka, kisha akasikia alichosema.

Alipofika mahali salama, aibu ilimshika. Kesho yake aliwaita wasomi wenzake na kuwatangazia kwamba yeye ndiye wa kwanza duniani kugundua mbio.