Nilivyoiosha Mizizi

Nilikuwa naosha mzizi wa mwisho mjukuu wangu alipoingia jikoni, akasimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nakusaidia, mke mwenzangu. Jana umeshuka mlimani hoi, na mifuko yako imejaa magugu yenye matope. Msomi hapeleki matope kwa mwalimu wake."

Hakucheka. Aliketi sakafuni palepale.

Akanieleza taratibu. Magugu hakuyataka. Alichokifuata ni ule udongo ulioganda kwenye mizizi, maana ndani yake mnaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, na wa kileleni kwenye baridi si sawa na wa chini. Alitaka kuwalinganisha. Mimi nimetega vitendawili maisha yangu yote, lakini hiki sikuwahi kukisikia: mji mzima ndani ya kijiko cha udongo.

"Basi tuuchote huu wa kwenye beseni."

"Umeshachanganyika, Bibi. Wa juu na wa chini sasa ni tope moja."

"Si utapanda tena mlimani?"

"Kibali cha kuchimba huko nilikingoja miaka miwili. Kimekwisha jana. Na chuo hakinipi mwaka mwingine."

Nikamnyooshea vidole vyangu. Chini ya kucha kulikuwa na udongo mweusi kidogo.

"Huu je? Huu ni wa kileleni, nina hakika."

Akavishika, akazitazama kucha zangu moja moja, muda mrefu. Kisha akainuka, akafungua bomba, akaanza kuninawisha.