Birika Namba Tatu

Kibibi aliisugua namba kwa tupa mpaka ikafutika.

Moja, sita, moja, nne. Tarakimu ndogo kama punje za mtama, zimegongwa ubavuni mwa kipande cha shaba. Karibu kila kipande alichonunua kwa Hamse, muuza skrapu wa Gikomba, kilikuwa nazo. Mara ya kwanza alimuuliza. Hamse akacheka.

"Hiyo ni alama ya mzigo, siste. Mzigo mmoja, namba moja. Wewe sugua tu."

Basi akawa anasugulia nje, mlangoni, kabla hajampa Babu. Babu yake huyo, Mzee Haidari, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, lakini vidole vyake havikudanganyika.

"Usiniletee shaba yenye chunusi," alikuwa akimwambia.

Habari ya namba Kibibi hakumweleza. Ya nini kumsumbua mzee na mambo ya skrapu? Kazi yenyewe ilikuwa inatosha: Babu alileta mikono, yeye alileta macho, na katika chumba chao kimoja pale Majengo walikuwa wakiunda Birika ndogo, mfano wa ile kubwa.

Birika yenyewe ilisimama mtaa wa Baba Dogo, kwenye uwanja wa kiwanda cha mafuta kilichofungwa. Ilikuwa gari moshi fupi la kiwandani, si la safari. Maji yake iliyabeba yenyewe katika matangi mawili yaliyoikumbatia mbavu, ikivuta mabehewa ya mbegu kutoka relini hadi ghalani, na kurudi. Kwenye tangi ilipakwa 3 kubwa nyeupe. Wafanyakazi walikinga maji yake ya moto kwa chai yao, ndiyo wakaiita Birika. Haidari aliingia pale kijana wa kutia makaa, akatoka akiwa dereva wake.

Sasa uwanja ulikuwa umeuzwa, zijengwe ghorofa. Mmiliki mpya, Mama Waruguru, alisema lile likutu litakatwa. Babu alimfuata mpaka ofisini na mkongojo wake.

"Mzee, mimi naona kutu tu," mama yule alimwambia. "Nionyeshe unachoona wewe. Ukinionyesha, nitaiweka langoni, watoto waione. Nakupa mpaka trakta ziingie."

Waliporudi na Kibibi, Babu alisimama mlangoni. "Wakiikata," alisema, "usiniambie."

Walikwenda Baba Dogo kupima. Kibibi alipita na futi kwenye magurudumu, bomba la moshi, matangi, akiandika katika daftari la shule. Waliporudi mara ya pili, askari wa lango, Wekulo, aliwazuia. Birika ilikuwa imefunikwa turubai, imefungwa kamba pande zote.

"Nyuki, mzee. Wameingia kwa bomba. Juzi wameuma mtu akalazwa."

"Na hilo turubai, nani kaliweka?"

"Ni mimi. Mvua isiimalize."

Babu aliutafuta mkono wake, akaushika kwa mikono miwili. "Mungu akuweke, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kuihurumia."

Wekulo aliangalia viatu vyake. Kibibi akaona, akafikiri, kumbe mtu mwenyewe ana haya.

Kazi ikaenda mbio. Kwa Hamse haikukosekana shaba, nzito, ya zamani. Babu alinusa kila kipande kabla ya kukifunga.

"Hii imekunywa mvuke, Kibibi."

"Babu na wewe! Shaba inakunywa?"

"Inakunywa. Na inakumbuka."

Siku ya kuonyesha waliibeba ndani ya karai, imezungushiwa leso. Mama Waruguru aliiweka juu ya meza, akaizunguka. Aligusa gurudumu kwa kidole; vyuma vikaenda, vikarudi, vikaenda. Akapapasa taji la bomba la moshi.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?"

"Hivi ndivyo ilivyo," Babu alisema.

"Basi haikatwi, mzee. Twende tuifunue."

Babu alicheka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Walitoka wote uwanjani. Wekulo hakuwapo; koti lake la kazi lilining'inia kwenye msumari wa lango. Nyuki hakuonekana hata mmoja. Vibarua wawili wakakata kamba, turubai likaanguka.

Chini yake palikuwa na mapipa matupu, yamepangwa juu ya mbao.

"Mbona kimya?" Babu aliuliza. "Imechakaa sana?"

Mama Waruguru ndiye aliyemwambia, polepole. Kibibi alimshika kiwiko, akingoja aanguke. Hakuanguka.

"Wameiuza skrapu," mama yule alisema akitoa simu. "Nitaita polisi, lakini watajuaje ni ya Birika? Shaba ni shaba."

"Watajua." Sauti ya Babu ilikuwa imara kuliko walivyotarajia. "Ile tatu ilikuwa rangi tu. Walioiunda waligonga namba yao kwenye kila kipande, hata nati. Moja, sita, moja, nne. Kipatikane kimoja tu chenye hiyo namba, na mwizi hana pa kujificha. Huyu mjukuu wangu ana macho. Atakitafuta."

Kibibi alirudisha mikono yake nyuma. Chini ya kucha, vumbi la shaba lilikuwa bado halijatoka.