Mlango wa Bi Siajabu

Mlango wa Bi Siajabu ulikuwa unasema. Mtu yeyote aliyepanga nyumba huku akiwa kwenye mpango wa kulipa madeni aliwekewa mlango wa namna hiyo, na mgeni akibisha hodi, mlango ndio uliotangulia kujibu: "Karibu. Mpangaji huyu anadaiwa. Amebakiza miaka mitatu." Ukiuziba usisikike, unafukuzwa siku hiyo hiyo.

Siku ya posa ya binti yake Tumu, Bi Siajabu aliamka akiukodolea macho mlango.

"Wewe pika tu, shoga," jirani yake Mama Chausiku alimwambia. "Mlango tuachie sisi."

Saa kumi jioni washenga wakabisha hodi. Mlango ukakohoa kidogo. "Karibu. Mpanga..."

Wanawake kumi na wawili waliojipanga sebuleni wakapasua vigelegele. Mlango ukapaza sauti, nao wakapaza zaidi. Sheria ilikataza kuuziba mlango. Haikukataza kushangilia wageni. Ulipomaliza maneno yake, hakuna aliyeambulia hata moja, na washenga walikuwa wameshaketi mkekani wakitabasamu. Posa ikapokelewa, vigelegele vikaanza upya, safari hii vya furaha tupu.

Wakati wa kuaga, mmoja wa washenga, baba mdogo wa kijana aliyeposa, aliugusa mlango kwa bakora yake.

"Vigelegele vyenu vizuri, mama," alimnong'oneza. "Mlango wa kwetu, atakakokaa binti yako, huwa tunaupigia ngoma."

Bi Siajabu alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Kesho yake, kabla ya kanga, kabla ya sufuria, alimnunulia Tumu ngoma.