Jina Lililobaki kwenye Hati

"Nyumba bado ni yako, mama," karani wa kodi ya majengo alisema, akigeuza kompyuta ili Verlene asome jina lake mwenyewe.

Verlene alicheka. "Yangu wapi, dada? Nilifilisika, nikawaachia benki mbele ya jaji. Kodi kawadaini wao."

"Kuwaachia benki si kubadilisha jina kwenye hati ya nyumba. Benki walitakiwa waipige mnada, hawakujisumbua. Mji mzima huu wa Cleveland umejaa nyumba za hivyo. Na kodi iliyoingia baada ya kufilisika inamfuata mwenye hati."

"Miaka miwili yote hii?"

"Yote."

"Sasa mimi na mama yangu tungebaki mle ndani, nani angetutoa?"

Karani aliangalia kumbukumbu kwa makini, kama mtu anayependa kujibu sawasawa. "Hakuna, mama. Hakuna aliyewahi kuomba mtoke."

Kwenye kompyuta kulikuwa na picha iliyopigwa na mkaguzi wa wilaya. Rangi ilikuwa imebambuka, na nyasi zilikuwa zimefika dirishani. Njia ya mbao ya mlangoni, aliyoijenga Verlene kwa ajili ya kiti cha magurudumu cha mama yake ilikuwa imara bado, haijalegea hata msumari mmoja.

"Tukupangie ulipe kidogo kidogo?" karani aliuliza.

Verlene alikuwa bado anaitazama ile njia ya mbao. Katika chumba cha kupanga walichohamia, mama yake aliomba viatu vyake kila asubuhi ili arudi kwake. Na kila asubuhi, mpaka ile ya mwisho ya uhai wake, Verlene alimwambia kwamba nyumba si yao tena.