Njia ya Kurudi

Mishi, fundi wa mtandao, alichanganyikiwa. Kompyuta za zahanati ya mlimani ziliwasiliana vizuri na yake ya makao makuu, za zahanati ya sokoni vilevile. Zenyewe kwa zenyewe, kimya. Na daktari wa sokoni alikuwa akisubiri picha ya kifua cha mgonjwa kutoka mlimani.

Simu ikaita. Alikuwa dada yake mkubwa.

“Mwambie mdogo wako Saumu, mama anamuulizia.”

“Si umpigie mwenyewe, dada?”

“Kwani yeye simu hana?”

Mishi akakodolea macho kioo. Mlimani alikuwa amewawekea njia ya kwenda sokoni. Sokoni hakuwawekea ya kurudisha jibu. Akaiandika. Picha ikapita.

“Usikate, dada.”

Akampigia Saumu, akaziunganisha simu zote mbili. Akasikia pumzi mbili, kila moja ikingoja nyingine ianze.