Kuni za Ragnhild

Eivind alivua skii zake, zile mbao za kutelezea thelujini, akaanza kuufukua mlango kwa koleo. Theluji ilikuwa imeuziba hadi kwenye komeo. Vidole vilishakufa ganzi, na moyo nao ulikuwa hivyo hivyo tangu atoke mjini Bergen. Alitaka kitu kimoja tu: kuona ndani ya jiko.

Kibanda kile cha mlimani waliachiwa wawili, yeye na dada yake Ragnhild. Siku ya kumzika mama yao, Eivind alimwambia dada yake mbele ya wageni kwamba amefuata urithi. Hawakusemeshana tena. Pasaka moja huja yeye, inayofuata huja Ragnhild.

Huko mlimani, anayeondoka humpangia kuni ndani ya jiko anayekuja, ili huyo akifika na baridi yake awashe kiberiti tu. Eivind, kwa hasira, alikuwa akiacha jivu. Lakini kila aliporudi alikuta kuni zimepangwa vizuri, magome chini, vijiti juu yake. Dada anajuta, alijiambia. Basi aseme kwa mdomo wake.

Ragnhild hakusema. Sasa dalali amepata mnunuzi wa kibanda, na Eivind alijiwekea sharti: akikuta kuni, atampigia dada yake simu amwombe radhi, yaishe. Asipozikuta, anauza.

Akafungua jiko. Jivu.

Alikaa kitandani na koti lake, akamenya chungwa, akalila lote bila kusikia utamu wake. Kisha akampigia dalali.

"Uza."

"Na dada yako?"

"Mwulize mwenyewe."

Maganda yalikuwa bado mkononi dalali alipompigia. "Amesema kama kaka ameamua, yeye hana neno. Hata bei hakuuliza. Nimeshamwambia mnunuzi ni chake."

"Haya," alisema Eivind. Alingoja uchungu, haukuja. Akafunga mlango, akavaa skii, akashuka.

Njia ilipita nyumbani kwa Torleiv, jirani mzee ambaye kila Eivind ajapo humtania: "Jiko liliwaka, bwana mkubwa?" Safari hii msumeno wake wa kukatia kuni haukusikika. Eivind alipobisha, alifungua mke wa mzee, Gunvor.

"Pita unywe kahawa, mwanangu. Najua kule juu umekuta baridi."

"Ya kawaida tu, mama. Mzee yuko wapi?"

"Tulimzika Novemba." Alimimina kahawa taratibu. "Alinikataza kusema, ila sasa hayupo. Zile kuni alikuwa anawapangia yeye. Mwaka wako, na mwaka wa dada yako. Akirudi ananung'unika: watu wazima wawili, na wote wanaacha jivu. Ningepanda mwenyewe, lakini magoti haya."

Eivind alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakusikia moto wake.

"Ragnhild mwaka jana alikaa hapo hapo ulipokaa," Gunvor aliendelea. "Akaniambia, mama, kaka bado ananiwekea kuni. Mwakani nitakuja Pasaka yake, tuyamalize." Aliinuka, akachungulia dirishani. "Jana kanipigia kuuliza theluji ikoje njiani. Hamjapishana?"