Wagiriki, Warumi na Posa ya Theogene

Mtu wa kwanza kumwambia Mzee Bisogo "hatuwajui" siku ile alikuwa Mzungu mwenye ndevu nyeupe, aliyejizungushia shuka begani na kuvaa sandali za ngozi.

Bisogo alifurahi sana. Alikuwa ametoka Buffalo, mtaa wa Grant, akapanda basi hadi Columbus kumchukua Theogene, mtoto wa mdogo wake, kisha wakaja kwa gari hadi Louisville kumposa msichana aitwaye Isimbi. Na katika posa za kwao, kule milima ya Kivu Kusini, upande wa msichana lazima ujifanye haukujui. Wakikukaribisha mbio mbio, anza kuwa na wasiwasi.

"Bon," akamnong'oneza Theogene. "Hawa batu banajua desturi."

Theogene alikuwa ameshasoma bango la mlangoni. Liliandikwa kwa Kiingereza kwamba leo chuo kinalinganisha mavazi ya Wagiriki wa kale na ya Warumi. Ndani, watu walikaa pande mbili zinazotazamana, kama kwenye posa yoyote, na wote walijitanda mashuka. Mzee mmoja wa safu ya nyuma alikuwa na toga yenye ukingo wa zambarau, ameivuta mpaka ikamfunika kichwa, na alionekana amesinzia. Bisogo naye alikuwa na shuka lake la sherehe, limefungwa fundo begani, na fimbo mkononi. Alipoingia alipigiwa makofi. Shangazi Nyirabeza, aliyekuja nao na kupendeza kwa mkenyero wake, vazi la hariri la kujifunga, akapewa kiti cha mbele. Hapo ungemwambia nani kwamba ukumbi siwo?

Theogene alijaribu. Alimwambia baba yake mkubwa kwamba wamepotea, kwamba haya ni masomo, kwamba wakwe wanawangoja mahali pengine. Nyirabeza akauliza mbona wote ni Wazungu. Bisogo akamjibu kwamba Zéphyrin, baba yake Isimbi, amekodi wasemaji, kwani Amerika kila mtu ana wakili.

Huyo Zéphyrin ndiye aliyekuwa akimtetemesha Theogene. Ujumbe wa kwanza uliokuja kumposa binti yake ulichoshwa na maneno ukanyanyuka hata kabla ya soda, na Zéphyrin akatangaza kanisani kwamba asiyeweza kukaa kitini hawezi kukaa na mke. Anwani aliituma yeye mwenyewe. Theogene alijilaumu kwamba ameisoma vibaya, akampigia Isimbi, simu ikaita mpaka ikakatika. Alimpenda yule binti hadi kazini, kwenye ghala la Hilliard, alikuwa akipakia masanduku kwenye lori lisilo lenyewe. Akainuka aende mlangoni.

"Kaa," akasema Bisogo. "Mutu anatoka katikati ya posa, njo amekataa bibi."

Akakaa. Kumwaibisha mzee mbele za watu lilikuwa jambo asiloliweza. Akaamua atafsiri haraka haraka, wamalize, wakimbie.

Mzungu mwenye ndevu akaeleza kwamba vazi la Kigiriki ni kitambaa cha mstatili tu, kinatoka kwenye mtambo wa kufumia na kuvaliwa bila kukatwa wala kushonwa, kikishikwa kwa pini mabegani. Toga ya Kirumi ina ukingo wa mviringo, haina pini, na mgeni alikatazwa kuivaa.

"Donc ni green card," akasema Nyirabeza.

Kisha kitu kikasukumwa mbele kwa magurudumu, kimefunikwa shuka. Shuka likavutwa, na pale akasimama mwanamke wa plastiki, hana nywele, amevaa Kigiriki. Bisogo nusura apige vigelegele. Katika posa za kwao huletwa kwanza wasichana wasio wenyewe, na mshenga anatakiwa awakatae bila kuwatukana. Lakini wa plastiki alikuwa hajapata kuona. Alisimama, akamsifu mwanamke yule kwa utulivu wake na kwa wazazi waliomlea, kisha akasema kwamba nguo yake iko wazi ubavuni, na wao ni watu wa kanisa.

"Mwambie ni muzuri," akamwagiza Theogene, "lakini haiko ule tulikuja kutafuta."

Theogene akatafsiri. Ukumbi ukashangilia.

Akaletwa wa pili, naye wa plastiki, kavaa Kirumi. Mzungu akasema gauni lile refu lilivaliwa na wanawake walioolewa. Bisogo alishtuka kidogo. Alimwombea mwanamke yule heri na mume wake, akasema wao hawaposi mke wa mtu, na Theogene akatafsiri vilevile: mzuri, lakini siye tuliyemfuata. Nyirabeza akanong'ona kwamba huyu wa pili angalau alijisitiri.

Wa tatu alisukumwa mbele akiwa bado amefunikwa gubigubi. Safari hii Mzungu hakueleza kitu chochote, wala hakuvuta shuka. Theogene, aliyekuwa ameinamia simu akimwandikia Isimbi ujumbe wa kumwomba radhi kwa kuchelewa, hakungoja hata baba yake mkubwa afungue kinywa. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba huyu naye ni mzuri, lakini siye tuliyemfuata.

Ile sanamu ikakohoa.

"Théo," ikasema kwa sauti ya Isimbi kutoka ndani ya shuka, "angaliya tena, mbiyo. Papa njo ule wa zambarau, na anaanza kusimama."